Jinsi ya kuanzisha kazi za mikono zinazompa bibi kipato na kumlinda mnyama

Chukua pochi yoyote iliyofungwa kadi yenye picha ya mnyama anayekaribia kutoweka, halafu jiulize swali moja. Mnyama huyu akiuawa kesho, malipo ya mwanamke aliyeishona pochi hii yatabadilika? Mara nyingi hayabadiliki. Mama anashona, mteja ananunua, na mnyama yuko pale kwenye kadi kama pambo tu. Si biashara mbaya, bibi anakula, lakini tusiiite uhifadhi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka swali hilo lijibiwe kwa ndiyo: mfanyakazi wa shirika dogo, mwalimu, kiongozi wa kikundi cha wanawake, au mjukuu aliyechoka kuona vikapu vya bibi yake vikishika vumbi. Nimeupanga kwa hatua, ingawa ukiingia kazini utaona hatua ya tatu inakurudisha ya kwanza zaidi ya mara moja.

Hatua ya 1: Anza na mnyama, uzi utafuata

Vikundi vingi huanza kinyume. Watu wanajua kusuka, basi wanasuka, kisha wanatafuta mnyama wa kumbandika. Wewe anza kwa kuandika sentensi moja: ni mnyama gani, anadhurika vipi, na ni mkono wa nani unaomdhuru. Ukishindwa kujaza sehemu ya tatu, bado hujawa tayari kununua hata sindano.

Sentensi hiyo ndiyo itakayokuambia mtengeneze nini. Kaskazini-magharibi mwa Kolombia anaishi kima mdogo mwenye kishungi cheupe, aina ya tamarini, ambaye porini hapatikani kwingine kokote duniani. Misitu yake inakatwa, na yeye mwenyewe hukamatwa akauzwe afugwe majumbani. Kwenye vijiji vilivyo jirani na msitu, mifuko ya plastiki ilikuwa imetapakaa kila mahali. Mradi wa Proyecto Tití ukawakusanya wanawake wakaanza kukata mifuko ile iwe nyuzi na kufuma mikoba kwa krosheti, kile kijiti chenye kulabu nchani. Taka zikapungua, na nyumbani kukaingia fedha ambayo haikutoka msituni.

Katika jimbo la Assam, India, shida ilikuwa nyingine kabisa. Kuna korongo mkubwa aitwaye hargila, jina lenye maana ya mmeza mifupa, ambaye hutaga juu ya miti mirefu iliyo katika viwanja vya watu. Ananuka. Anaangusha vipande vya mizoga uani. Wenye viwanja wakawa wanakata miti ili waondokane naye. Hapo hapakuwa na jangili wa kukamatwa, palikuwa na kero na karaha. Mwanabiolojia Purnima Devi Barman akawaendea wanawake. Wakaanza kufuma nguo zenye picha ya ndege yule yule aliyekuwa anachukiwa, na wakamfanyia sherehe kama zile wanazofanyiwa wajawazito. Leo wanajiita Jeshi la Hargila na wamezidi 10,000. Viota katika vijiji alivyoanzia Barman vilikuwa 28, sasa vimepita 250. Mwaka 2022 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilimpa tuzo yake ya mabingwa wa dunia.

Kolombia kazi ya mikono iliondoa taka na kuleta kipato kingine. Assam ilimpandisha ndege heshima. Kama shida yenu ni chui anayeingia zizini usiku na kuua mbuzi, mikoba haitamzuia chui wala hasira ya mwenye mbuzi. Hapo fedha za mikoba zinunue nguzo na wavu wa zizi kwanza, ndipo mzungumze mengine.

Jambo jingine la kukubali mapema ni kwamba bibi si ndiye anayetega. Anayetega ni mwanawe, mjukuu, mkwe au jirani. Kwa hiyo kumlipa bibi hakumzuii mtu moja kwa moja. Kunafanya kazi pale tu ambapo fedha zake zinafika kwenye nyumba ile ile anakolala mtegaji, na pale ambapo bibi ana sauti ndani ya nyumba hiyo. Waulize kina bibi wenyewe, faraghani, nyama ya porini inaingia kwenye nyumba zipi. Wanajua.

Hatua ya 2: Tazama macho na vidole kabla ya kufundisha

Kikundi cha kuanzia kisizidi wanawake 15. Waite wale wanaojitegemea au wanaolea wajukuu, na usiwapime kwa umri ulioandikwa kwenye kitambulisho, maana wengine miaka hiyo waliandikiwa kwa kukisia.

Kitu cha kwanza kununua ni miwani ya kuonea karibu. Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na mtu hushindwa kuona kitu kilicho mkononi hata kama mbali anaona vizuri. Hapo ndipo utasikia bibi akisema "siku hizi kushona nimeacha", kumbe hakuacha kwa kupenda, alishindwa kutunga uzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wachumaji wa chai wa Assam wenye umri wa miaka 40 na zaidi: waliopewa miwani hiyo rahisi waliongeza uchumaji kwa karibu 22% kuliko waliokuwa bado hawajapewa. Na kuchuma majani ya chai ni kazi isiyodai jicho kali ukiilinganisha na kuhesabu vitanzi vya krosheti. Njoo na miwani za nguvu tofauti, kuanzia +1.00 hadi +3.50, mpe kila mmoja sindano na uzi, ajaribu moja moja mpaka uzi upite. Mwenye ukungu kwenye jicho, au anayeona giza hata akivaa miwani, ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa macho, si wa kubadilishiwa miwani.

Baada ya macho, vidole. Mwenye yabisi ya viungo hawezi kushika kijiti chembamba cha krosheti kwa saa mbili. Zungushia mpini wake kitambaa kilichokunjwa na kukazwa kwa uzi mpaka uwe mnene kama kidole gumba, na utaona mkono unavyolegea. Kazi iwe ya vipindi vya dakika 30 hadi 40, kisha watu wasimame, wanyooshe mgongo. Viti viwe na egemeo. Najua inasikika kama mambo madogo, lakini nimeona kikundi kikipoteza wafumaji wake wawili bora kwa sababu tu mkutano ulikuwa wa kukaa mkekani asubuhi nzima, na wao kwa aibu hawakusema magoti yanauma. Waliacha tu kuja.

Gaweni kazi kwa uwezo. Asiyeona vizuri anaweza kusokota, kukunja, kupanga rangi, kuhesabu. Mwenye mikono dhaifu lakini jicho zuri akague. Kusiwe na mtu anayeitwa mzigo.

Hatua ya 3: Chagua malighafi isiyozaa dhambi nyingine

Kanuni ya kwanza haina mjadala. Msitumie kitu chochote kilichotoka kwenye mwili wa mnyama wa porini: manyoya, miiba ya nungunungu, magamba, meno, pembe, gamba la kasa. Hata kile kilichookotwa chini. Mteja hawezi kutofautisha unyoya ulioanguka na ulionyofolewa, na ukishazoesha watu kwamba miiba ya nungunungu ina bei, kuna atakayeona ni upuuzi kuisubiri ianguke. Zaidi ya hapo kuna mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, unaofanya kazi tangu 1975, na vitu vya namna hiyo hukamatwa mpakani hata vikiwa na kadi nzuri ya kikundi cha bibi. Wachongaji nao wajue kwamba miti ya jenasi ya mpingo imo katika orodha ya pili ya mkataba huo tangu 2017. Ulizeni masharti ya vibali kabla ya kusafirisha nje.

Waya wa mitego unavutia sana, maana hadithi yake inajiuza yenyewe. Zimbabwe, jirani na hifadhi ya Hwange, shirika la Painted Dog Conservation hukusanya matanzi yanayoua mbwa mwitu, na mafundi huyageuza sanamu. Zambia nako kuna vikundi vinavyotengeneza shanga na bangili kwa waya kama huo. Lakini kuna shimo hapo. Usimlipe mtu kwa idadi ya matanzi anayoleta. Ukimlipa kwa tanzi, kesho kutwa atatengeneza matanzi ya kukuuzia, na pengine atayatega usiku mmoja kwanza ili yapate kutu ya kuaminika. Waya utoke kwa askari wa wanyamapori peke yao, kwa barua, kwa kilo, baada ya wao kumaliza kuutumia kama ushahidi. Tena kuukata na kuusugua kwa msasa ni kazi ya kijana mwenye glavu na aliyechanjwa pepopunda. Bibi apokee vipande vilivyokwisha kulainishwa. Kulabu za hereni zisiwe za waya huo, kwa sababu zinapita kwenye ngozi. Tumieni kulabu za chuma kisichoshika kutu.

Ukindu, mikoma, mkonge na nyasi ni malighafi nzuri mradi mnajua zinavyoota. Kwenye mitende na jamaa zake, majani yote hutoka kwenye kitovu kimoja juu ya shina. Kata kuti moja changa na uache mengine, mti unaendelea. Choma kisu kwenye moyo wake, shina hilo limekufa. Nimeona vikundi vya "uhifadhi" vilivyomaliza mikindu ya bonde zima ndani ya misimu michache kwa sababu oda ziliongezeka na hakuna aliyepanda. Kila anayekata apande, na anayekagua upandaji asiwe yeye.

Kwa rangi, mizizi na maganda yanatosha ukiwa na shabu ya kushikisha rangi. Kwa sufu, shabu ya kati ya gramu 10 na 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu inatosha. Achaneni na dawa za kromiamu ambazo mafundi wengine hutumia, ni sumu kwa mpishi wa rangi na kwa maji yanapomwagwa. Sufuria ya rangi isirudi jikoni.

Hatua ya 4: Kutengeneza uzi wa mifuko ya plastiki

Naieleza hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo kazi rahisi kuanza nayo bila mtaji, na ndiyo ninayoiona ikiharibiwa zaidi.

1. Kusanyeni mifuko laini, ioshwe kwa sabuni, igeuzwe ndani nje na ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa. Mfuko wenye unyevu ukikunjwa huota ukungu, na harufu yake haitoki tena.
2. Finya kila mfuko kati ya vidole na uuvute. Ukichanika kama karatasi, jua limeshaula. Utupe. Mfuko mmoja kama huo katikati ya mkoba ndio utakaokatika mteja akiwa njiani.
3. Tandaza mfuko juu ya meza, ulainishe kwa kiganja, kisha ukunje kwa urefu, pande mbili zikielekea katikati, mpaka ubaki ukanda wa upana wa vidole vitatu.
4. Kata mshono wa chini na mikono ya juu. Hivyo viende kwenye gunia la kujazia mito.
5. Kata ukanda uliobaki kwa kupitisha mkasi kukatiza, kila kipande sentimita 3. Ukikifungua kipande utaona ni pete kubwa.
6. Pitisha pete moja ndani ya nyingine, irudishe ndani yake yenyewe na uvute polepole, kama watu wanavyounganisha raba bendi. Fundo likae dogo. Ukivuta kwa haraka plastiki hutanuka, na uzi hutoka mwembamba mahali pamoja na mnene mahali pengine.
7. Zungusha uzi kuwa donge. Usikaze.
8. Fuma kwa krosheti ya milimita 6 hadi 8, kwa vitanzi vya kubana, kuanzia kitako kwenda juu.

Msipige pasi, msichome ncha kwa moto. Moshi wa plastiki ni mbaya, na kina bibi wengi wana vifua ambavyo moshi wa kuni umeshavichosha. Ncha zifichwe kwa kuzipitisha ndani ya kitambaa kwa sindano butu.

Walio na mifugo ya sufu wana njia nyingine isiyohitaji jicho kali. Sufu iliyochambuliwa hupangwa kwa tabaka zinazokatizana, hunyunyiziwa maji ya moto yenye sabuni, huviringwa na kusukumwa mpaka nyuzi zishikane kuwa kitambaa kizito. Husinyaa sana, hivyo anza na kipande kikubwa kuliko unachotaka, karibu mara moja na nusu kwa urefu na kwa upana.

Hatua ya 5: Kigezo kimoja kwa wote

Kikundi kimoja nilichokuwa nakisaidia kilifuma tembo wadogo wa kutundika. Kila bibi alimjua tembo, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kupima. Tembo wakatoka wa kila aina: mmoja masikio kama sahani, mwingine kama sungura, wa tatu ana mkonga unaofika mkiani. Kila mmoja peke yake alikuwa mzuri, nami niliwapenda wote. Mwenye duka alichukua wachache, akarudisha mfuko mzima. Alikuwa ameagiza tembo wa aina moja.

Tangu siku hiyo natumia kadibodi. Kata umbo la kila kipande, mwili, sikio, mkonga, kwenye kadibodi ngumu, mpe kila mfumaji seti yake aitundike kwenye msumari. Urefu upimwe kwa kamba yenye rangi: kamba nyekundu ni kimo cha mkoba, ya buluu ni urefu wa mkono wake. Asiyesoma namba hakosei kamba. Bidhaa moja kamili, iliyokubaliwa na wote, ikae kwa mkaguzi na isiuzwe kamwe.

Macho ya wanyama yadariziwe kwa uzi. Vifungo na shanga hung'oka, mtoto akazimeza. Mkitaka kuuza Ulaya, kitu chenye sura ya mdoli kinaweza kuhesabiwa ni kichezeo cha mtoto hata mkikiita pambo, na vichezeo vina vipimo vyake vya usalama.

Kurudishiwa kazi kunauma, na kwa mwanamke mzima aliyelea watu kunauma zaidi. Mkaguzi asimrudishie bibi kazi mbele za watu. Amwite pembeni, aweke kadibodi juu ya kazi, anyamaze. Kadibodi itasema.

Hatua ya 6: Bei

Chukua saa. Pima muda wa wafumaji watatu, mwepesi, wa wastani na wa polepole, utumie wastani. Ukitumia muda wa aliye mwepesi utakuwa unawapunja wengine wote kimyakimya.

Tuseme ujira wa kibarua wa kutwa, saa 8, ni 100 kwa fedha yoyote ile. Mkoba unachukua saa 6, hivyo mikono ya bibi ni 75. Uzi, zipu na kitambaa cha ndani 15. Usafiri na kufungasha 10. Jumla 100. Ongeza 10 za mfuko wa kikundi na 10 za mfuko wa mnyama, inakuwa 120. Hiyo ndiyo bei ya jumla, ya kumwuzia mwenye duka. Mwenye duka kwa kawaida huizidisha mara mbili, mteja ataukuta kwa 240.

Sasa mkiingia sokoni mkakuta mikoba kama huo inauzwa 160, duka litawapa 80. Pungufu 40. Hapa ndipo watu hufanya kosa la kukata ile 75 ya bibi, kwa kuwa ndiyo pekee isiyolalamika. Msiikate. Punguzeni saa. Kipochi cha saa 2 kina mikono ya 25, malighafi 5, usafiri 3, ile mifuko miwili, wa kikundi na wa mnyama, 7. Jumla 40, dukani 80. Watu hununua vipochi vitatu kirahisi kuliko mkoba mmoja mkubwa, na mfumaji mwenye vidole vinavyouma anakimaliza kwa kikao kimoja.

Hatua ya 7: Mkataba unaomfunga mnyama na malipo

Bila hatua hii mengine yote ni ushonaji.

Mfano bora ninaoujua ni wa chui wa theluji. Mwaka 1998 nchini Mongolia ulianzishwa mpango ambao baadaye ulifika Kirigizistani na Pakistani, chini ya shirika la Snow Leopard Trust. Familia za wafugaji zilikuwa zikiuza sufu ghafi kwa bei ya kutupa, na chui alipoua kondoo wao walimuua. Wanawake wakafundishwa kutengeneza mazulia, viatu vya ndani na mapambo ya sufu, na shirika likawa linanunua. Kila jamii hutia saini kwamba haitamuua chui wala wanyama anaowawinda, na itazuia wengine wasiwaue katika eneo lake. Ikitimiza, mwisho wa mwaka inapata nyongeza ya 20% juu ya mauzo. Mtu mmoja akivunja, jamii nzima inakosa nyongeza.

Tazama wamegusa wapi. Malipo ya kazi hayaguswi, bibi aliyefuma analipwa alichofuma hata kama mjukuu wa jirani ametega. Kinachopotea ni nyongeza. Ukimkata bibi ujira wake kwa kosa la mwingine umemdhulumu, na kikundi kitavunjika kwa haki. Ila nyongeza ikikosekana, kina bibi wote wanajua ni nani aliyeikosesha, na hapo ndipo mkwe anapoulizwa maswali jioni.

Mkataba wenu uwe ukurasa mmoja, usomwe kwa sauti katika lugha ya nyumbani, na uwe na mambo manne yaliyo wazi: kitendo gani kimekatazwa, mpaka wa eneo ni upi, nani anathibitisha, na nyongeza ni kiasi gani, inalipwa lini. La nani anathibitisha ndilo gumu. Si kina bibi wenyewe, maana wataombwa kumshtaki mtoto wao. Si yule anayenunua bidhaa, maana ana faida kusema mambo ni shwari. Awe askari wa wanyamapori au mtafiti anayehesabu viota, matanzi au mizoga kwa ratiba ile ile kila mwaka. Na muandike pia mnyama akiharibu mali mtu aripoti wapi, la sivyo mkataba utakuwa wa upande mmoja.

Hatua ya 8: Soko

Usiuze kwa huruma. Mtu hununua kwa huruma mara moja, anaweka kabatini, imekwisha. Kadi ya bidhaa ieleze kwa sentensi mbili mkataba wenu unafanya nini kwa mnyama. Picha ya bibi itumike kwa ridhaa yake baada ya kumwonyesha itakapotokea, na awe amevaa alivyopenda kuvaa siku hiyo.

Msitegemee watalii peke yao. Mwaka 2020 safari za kimataifa zilianguka kwa zaidi ya 70%, na vikundi vilivyokuwa na kibanda getini tu vilibaki na mzigo. Tafuteni njia tatu: wageni, duka moja au mawili ya mbali, na kitu ambacho hata majirani zenu wanakinunua kwa matumizi yao.

Oda kubwa ombeni malipo ya awali. Kanuni za biashara ya haki za WFTO, shirika la kimataifa la biashara hiyo, zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau nusu mapema, bila riba, akiombwa. Kwa hiyo kuomba si ufidhuli. Mali kauli, ile ya "nitakulipa ikiuzwa", waachieni wenye mtaji. Bibi hawezi kumkopesha mwenye duka.

Hatua ya 9: Siku ya malipo

Lipeni kazi inapopita ukaguzi, siku moja ya wiki inayojulikana, mezani. Daftari liwe na jina, idadi, kiasi na alama ya dole gumba, na msome kwa sauti kabla ya dole. Mkilipa kwa simu, chunguzeni kwanza simu ni ya nani na namba ya siri anaijua nani. Nimekutana na bibi aliyelipwa miezi minne "kwenye simu yake" bila kushika hata senti, maana laini alikuwa nayo mjukuu wa kiume. Mwulizeni kila mmoja, akiwa peke yake, jana ulipokea ngapi.

Kama mnakoishi kuna posho ya wazee inayotolewa kwa wasio na kipato, ulizeni mapema kiwango cha mapato kinachomfanya mtu aondolewe kwenye orodha. Isije fedha ya vipochi ikamnyang'anya ile ya uhakika.

Hatua ya 10: Andikeni kuhusu ugonjwa na kifo

Watu hukwepa kuliandika hili, na kikundi cha wazee hakiwezi kulikwepa. Kila mwanachama ataje kwenye daftari, mbele ya mashahidi wawili, nani apokee kilicho chake. Akiugua, krosheti yake na kadibodi zake zinamfuata nyumbani kama anataka, na anaendelea kuhesabiwa. Kila bibi awe na mwanafunzi mmoja wa chini ya miaka 40, anayelipwa kwa kipande tangu siku kazi yake ya kwanza inapokubaliwa na mkaguzi.

Akifariki, kazi aliyoiacha nusu humaliziwa na mwenzake aliyekaa naye karibu. Pimeni kwa kamba mahali alipofikia kabla ya kugusa kitanzi kinachofuata, muandike urefu huo daftarini. Malipo ya sehemu hiyo yanakwenda kwa aliyemtaja, pamoja na sehemu yake ya nyongeza ya mwaka huo kama mkataba umetimizwa.